Mbegu Namba 17

Kilele kilisimama pale pale nilipokuwa nikikitafuta: katikati ya grafu, kwenye volteji sifuri, kimenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula. Ilikuwa saa nane usiku. Programu ya kompyuta ilikuwa imemaliza kukokotoa umeme unaoingia kwenye ncha ya kushoto ya waya wa kuigiza wa mikromita 3, waya niliokuwa nimeutia uchafu makusudi, yaani kasoro za nasibu, na mimi nilikuwa nimeshainuka kwenda kulala. Nikarudi kitini. Nikasoma mhimili wa chini, ule wa uga wa sumaku. Kilele kilianzia kwenye nishati ya Zeeman, ile ambayo uga huipa spini ya elektroni, ya milielektronivolti 0.7.

Kizingiti kilikuwa 1.02.

Chini ya kizingiti hicho waya bado ni wa kawaida. Hauna Majorana, zile nusu za elektroni zinazotarajiwa kukaa kwenye ncha, na ncha zake zinatakiwa kuwa tupu. Kilele kile hakikuwa na haki ya kuwepo.

Nikabadilisha kitu kimoja tu, mbegu ya namba nasibu, yaani namba inayoamua uchafu utawanyikeje, kutoka 17 kuwa 18. Vingine vyote nikaviacha kama vilivyokuwa: urefu ule ule, superkondakta ile ile (metali inayopitisha umeme bila ukinzani), kiwango kile kile cha uchafu. Nikaendesha programu tena.

Hapakuwa na kitu.

Wiki sita zimepita na usiku ule haujaniacha. Sikuwa nimegundua jambo jipya. Wanaoijua kazi hii wameliandika kwa zaidi ya miaka kumi, na maandishi yao nilikuwa nayo. Kilichonikaa rohoni ni kwamba nilikuwa nimewasoma bila kuwaamini.

## Sharti lisilotaja mahali

Hadithi ya waya safi imesimuliwa mara nyingi, kwa hiyo nitaipita haraka. Mwaka 2001 Alexei Kitaev alichapisha mfano wa mnyororo wa elektroni ambamo kila elektroni, kihesabu, ni jozi ya nusu mbili. Mnyororo ukiwa katika hali fulani, kila nusu hushikana na nusu ya jirani, na mwishowe zinabaki mbili zisizo na mwenzi, moja kila ncha. Ndizo Majorana. Mwaka 2010 makundi mawili, la Lutchyn, Sau na Das Sarma na lile la Oreg, Refael na von Oppen, yakaonyesha kwamba mnyororo huo unaweza kuundwa kwa vitu ambavyo maabara zinavyo tayari: waya wa semikondakta kama indiamu antimonaidi, ambamo spini ya elektroni imefungamana na mwendo wake, superkondakta ya kawaida inayougusa, na uga wa sumaku. Miaka miwili baadaye kundi la Leo Kouwenhoven kule Delft, Uholanzi, likaripoti kilele kwenye volteji sifuri.

Sharti la kuingia katika hali ya kitopolojia, ile inayoziweka Majorana kwenye ncha, ni fupi. Chukua pengo la nishati la superkondakta, yaani eneo la nishati lisilo na hali yoyote ya elektroni, lizidishe kwa lenyewe. Chukua potenshali ya kemikali, yaani kiwango cha nishati ambacho elektroni zimejaa hadi hapo, nayo izidishe kwa yenyewe. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Nishati ya Zeeman ikizidi namba hiyo, umevuka. Kwenye programu yangu pengo lilikuwa 0.2 na potenshali 1, zote kwa milielektronivolti, na ndiko ilikotoka ile 1.02.

Sharti hilo nimeliandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Baada ya usiku ule niliona kwa mara ya kwanza kisichokuwemo. Halitaji urefu wa waya. Halitaji mahali. Potenshali ni namba moja, kana kwamba elektroni iliyoko ncha ya kushoto inakuta mazingira yale yale itakayoyakuta katikati na kule mwisho.

Waya halisi hauko hivyo. Kuna oksaidi yenye chaji zilizonasa humo. Unene wa waya hubadilika kidogo kidogo. Pale alumini, iliyo superkondakta, inapokutana na semikondakta, atomu hazipangiki vizuri kila mahali. Kila kasoro huinua au hushusha potenshali, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu pengo la alumini ni kama milielektronivolti 0.2 tu. Mtikisiko ambao mtengeneza transista asingeujali unaweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko pengo lenyewe.

Kwa hiyo sharti haliulizwi waya mzima. Linaulizwa kila kipande. Kipande hiki kimevuka, kinachofuata hakijavuka, cha tatu kimevuka tena, na waya unakuwa wa viraka. Kila mpaka kati ya kiraka kilichovuka na kisichovuka ni ncha, na kila ncha inataka Majorana yake. Waya uliotakiwa kuwa na mbili unakuwa na nyingi, zikiwa karibu karibu, zikigusana na kuharibiana.

## Uhakika nilioubeba kutoka kwa Anderson

Nilipoanza kujifunza superkondakta nilifundishwa nisiuogope uchafu. Mwaka 1959 Philip Anderson alieleza kwa nini: katika superkondakta ya kawaida, elektroni huungana na pacha wake wa kugeuza muda, yaani ile inayofanya mwendo huo huo kinyumenyume. Tupa kasoro zisizo na usumaku ndani ya metali. Mawimbi ya elektroni yatapinda na kujikunja, lakini kila wimbi bado litakuwa na pacha wake. Jozi zinadumu, pengo linadumu. Alumini chafu ni superkondakta nzuri.

Uhakika huo niliubeba hadi kwenye waya bila kuuliza kama mlango unauruhusu.

Haukuwa unauruhusu. Uga wa sumaku tuliouhitaji ili tuvuke kizingiti ndio unaovunja ulinganifu wa kugeuza muda, na pacha anapotea. Tena, muungano unaobaki ndani ya waya uliovuka ni wa aina nyingine: alama yake ni chanya kwa elektroni inayokwenda kulia na hasi kwa inayokwenda kushoto. Elektroni ikigonga kasoro na kurudishwa nyuma, inahama kutoka chanya kwenda hasi. Ikigongwa mara nyingi vya kutosha, chanya na hasi zinafutana, na pengo linakwisha kidogo kidogo.

Nilizoea kusema kwamba topolojia inalinda. Inalinda, mradi pengo halijafungwa. Na uchafu ndio unaolila pengo.

Motrunich, Damle na Huse walikuwa wameshauchambua mnyororo mchafu wa aina hii mwaka 2001, mwaka ule ule wa makala ya Kitaev. Mimi niliwafikia nikiwa nimechelewa sana. Mwaka 2011 Brouwer, Duckheim, Romito na von Oppen wakaliweka jambo hilo kwa namna ambayo mtu anaweza kuikumbuka akiwa njiani. Kuna vipimo viwili vya urefu. Cha kwanza ni umbali wa wastani ambao elektroni husafiri kabla uchafu haujaigeuza. Cha pili ni urefu wa mshikamano, yaani umbali ambao athari ya superkondakta huenea ndani ya waya. Hali ya kitopolojia hudumu mradi cha kwanza kinazidi nusu ya cha pili.

Nusu. Niliposoma neno hilo zamani nililiona la ukarimu. Halafu nikakumbuka kwamba urefu wa mshikamano hukua kadiri pengo linavyopungua. Pengo dogo linadai waya safi zaidi, na mapengo yanayozungumzwa katika nyaya hizi ni madogo kweli kweli.

## Kioo kisichosukuma

Hayo yanaeleza kwa nini uchafu unaharibu. Hayaelezi kile kilele.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Ningeelewa kama uchafu ungefuta Majorana. Nilichokiona ni uchafu ukichora mfano wa Majorana mahali ambapo haipo. Inakuwaje kitu kile kile kiue hali fulani na wakati huo huo kiandike sahihi yake?

Jibu nililitafuta kwenye ngazi za nishati. Katika mifumo mingi ya kwanta yenye uchafu, ngazi hukwepana. Mbili zikisogeleana zinasukumana. Sasa, katika superkondakta kila ngazi iliyo juu ya sifuri ina taswira yake chini ya sifuri, umbali ule ule, kana kwamba kioo kimewekwa pale katikati. Ungetarajia ngazi na taswira yake zisukumane, na eneo la karibu na sifuri libaki wazi. Altland na Zirnbauer, walipoyapanga makundi haya mwaka 1997, walionyesha kwamba hilo linategemea ulinganifu gani umesalia. Waya wetu umepoteza ulinganifu wa kugeuza muda kwa sababu ya sumaku. Umepoteza ulinganifu wa kuzungusha spini kwa sababu spini imefungwa na mwendo. Kinachobaki kinaitwa daraja D.

Katika daraja D kioo hakisukumi.

Ngazi iko huru kuikaribia sifuri na hakuna cha kuizuia. Nasibu ikiisukuma huko, itakwenda, na itakaa hapo bila kupingwa na taswira yake. Na angalieni sababu zenyewe: sumaku na mfungamano wa spini. Ndivyo viambato viwili tulivyoviweka kwa mikono yetu ili tupate Majorana. Mapishi yale yale yanaalika kitu chenyewe na yanaalika kinachofanana nacho.

Bagrets na Altland waliliandika hili mwaka 2012. Mwaka huo huo Liu, Potter, Law na Lee walikokotoa nyaya zenye uchafu na kupata vilele vya volteji sifuri bila Majorana. Pikulin na wenzake wakafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Yote hayo yalitokea mwaka ule ule wa kilele cha Delft. Onyo halikuchelewa hata kidogo. Lilikuwa mezani pamoja na habari njema.

## Wastani haukai maabara

Siku iliyofuata niliendesha mbegu 200, kisha nikafanya ninachokifanya siku zote: nikachukua wastani. Picha iliyotoka ilikuwa laini na ya kupendeza, rangi zikififia taratibu kuelekea kwenye kizingiti, na ukungu mwepesi kuzunguka sifuri. Ni picha ambayo ningeweza kuiweka kwenye makala yoyote.

Nikazipitia zile 200 moja moja. Hakuna hata moja iliyofanana nayo.

Nilitumia muda mrefu kwenye jambo hili kuliko mengine yote, na bado nadhani halijadiliwi vya kutosha. Katika waya safi, nishati inayozitenganisha Majorana za ncha mbili hupungua upesi kadiri waya unavyorefuka. Katika waya mchafu nishati hiyo hutofautiana kati ya waya na waya, na Brouwer na wenzake walionyesha kwamba kinachofuata umbo la kengele si nishati yenyewe, ni logarithimu yake. Mtu akilisoma hilo upesi anaweza kulipita akidhani ni mbwembwe za wanahisabati. Maana yake ni nzito. Nyaya chache sana zenye nishati kubwa zinaweza kuubeba wastani wote, wakati waya wa kawaida, ule utakaouokota ukifumba macho, uko mbali kabisa na hapo. Ukiuliza waya wa aina hii unafanyaje, unapata majibu mawili tofauti, na yote ni ya kweli.

Nadharia ya mvurugiko, ile ya vitu vyenye uchafu, imelelewa na wastani. Tunajumlisha nasibu zote kwa sababu hesabu inakubali, na katika kipande kikubwa cha metali ni halali, kwa kuwa kipande kikubwa kinajifanyia wastani chenyewe. Waya wa mikromita 3 hauna nafasi ya kufanya hivyo. Una uchafu wake mmoja, uliogandishwa siku ulipotengenezwa, na huo ndio utakaokuwa nao hadi mwisho.

Hata neno kitopolojia linatetereka hapo. Mwaka 2011 Akhmerov, Dahlhaus, Hassler, Wimmer na Beenakker walitoa kipimo kinachofaa waya wenye uchafu: angalia jinsi mawimbi yanavyorudi kutoka kwenye waya, kokotoa diteminanti, yaani namba moja, ya matriksi (jedwali la namba) inayoyaeleza mawimbi hayo, soma alama yake. Ikiwa hasi, umevuka; ikiwa chanya, bado. Waya ukiwa mrefu, namba yenyewe inakaribia hasi moja au chanya moja. Nyaya zangu nyingi, karibu na kizingiti, zilinirudishia desimali zinazoelea katikati. Alama ilikuwepo, kwa sababu kila desimali ina alama. Lakini nilijiona nikiulazimisha waya kusema ndiyo au hapana wakati wenyewe ulikuwa unasema kitu cha tatu.

## Nilipochungulia chini ya kilele

Wiki ya tatu nilifanya jambo ambalo maabara haiwezi. Nilifungua waya namba 17 na kuchora potenshali yake yote, hatua kwa hatua, kutoka kushoto hadi kulia.

Kwenye ncha ya kushoto kulikuwa na bonde. Lilikuwa na upana wa nanomita kama 200, limetokea kwa bahati tu, namba kadhaa ndogo zikiwa zimefuatana. Ndani ya bonde hilo ndimo hali ya nishati sifuri ilimokuwa imelala, nusu zake mbili zikiwa karibu moja juu ya nyingine. Moja ilikuwa karibu zaidi na mlango wa umeme, na kipimo changu kiliiona hiyo peke yake. Kwa kipimo, nusu moja inayoonekana ni Majorana. Kwa ukweli wa waya, ilikuwa elektroni nzima iliyonaswa shimoni.

Haining Pan na Sankar Das Sarma walichapisha mwaka 2020 uchambuzi unaogawa vilele hivi katika makundi matatu: vizuri, vya waya safi; vibaya, vinavyotokana na potenshali inayopinda pole pole karibu na ncha; na vya kuchukiza, vinavyozaliwa na uchafu wa nasibu. Changu kilikuwa cha kundi la tatu. Nilikwenda kukokotoa ncha ya kulia, ambayo usiku ule sikuigusa.

Ilikuwa tupu.

Na kuna jambo lingine ambalo sijalisema. Mbegu 17 haikuwa ya kwanza. Nilianza na 1. Zile 16 za kabla yake nilizitazama, nikaona hazina kitu, nikazifuta, na sikujiuliza kwa nini. Hii ya 17 niliihifadhi kabla hata sijasoma mhimili wa chini, na jina nililolipa faili lilikuwa "nzuri".

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha makala kutoka Delft iliyosema kilele kimefika upitishaji kamili uliotabiriwa na nadharia, chaji ya elektroni mraba, mara mbili, kugawanya kwa namba ya Planck. Sergey Frolov na Vincent Mourik waliomba data ghafi na wakakuta kuna sehemu ambazo hazikuingizwa kwenye makala. Makala iliondolewa mwaka 2021. Wataalamu waliopewa kazi ya kuchunguza waliona kwamba maelezo yanayoaminika zaidi ni kuwa watafiti walitekwa na msisimko wa wakati ule, wakawa hawaioni data isiyolingana na walichokuwa wakikitafuta.

Zamani nilisoma habari hiyo kama ya watu wengine. Mwanamajaribio hubadilisha volteji za geti, uga wa sumaku, kifaa baada ya kifaa, hadi jambo litokee. Mimi nilikuwa nabadilisha mbegu. Ni kitendo kimoja, tofauti ni kwamba yeye hulipa miezi ya kazi kwa kila mbegu, na mimi nililipa dakika chache.

## Pengo laini

Isidhaniwe kwamba nadharia ya mvurugiko kazi yake ni kubomoa tu. Iliwahi kujenga, na mfano huu ndio unaonishikilia kwenye fani.

Vifaa vya mwaka 2012 vilikuwa na aibu moja iliyoonekana kwenye kila grafu: pengo halikuwa safi. Ndani yake, mahali pasipotakiwa kuwa na hali yoyote, umeme ulipita. Mwaka 2013 Takei na wenzake walipitia vyanzo vinavyowezekana na kuonyesha kidole kwenye mpaka: usipokuwa laini pale superkondakta inapogusana na semikondakta, muungano unatofautiana kutoka nukta hadi nukta, na pengo linalainika. Mwaka 2015 wenzao wa Copenhagen wakaotesha alumini moja kwa moja juu ya semikondakta nyingine, indiamu asenaidi, atomu zikipangana mpakani, na pengo likawa gumu, yaani tupu ndani.

Hesabu ilisema tatizo liko wapi, mikono ikaenda hapo hapo, likapungua. Sijui mambo mengi katika fizikia yanayonipa furaha ya namna hiyo. Uchafu uliobaki ni wa aina nyingine, ule wa chaji zilizonasa, na huo bado haujapata dawa ya wazi kiasi hicho. Semikondakta ya galiamu asenaidi imefika wepesi wa elektroni unaozidi milioni 40 kwa kipimo cha kawaida cha sentimita mraba kwa volti kwa sekunde. Ilichukua miongo ya usafi wa kupindukia, na indiamu asenaidi iliyo karibu na uso wa kifaa iko mbali sana na hapo.

## Asilimia 8

Kama kilele kimoja hakitoshi, na vilele viwili huenda visitoshe, mtu apime nini?

Kundi la Microsoft lilijibu kwa utaratibu wenye hatua, uliochapishwa kwenye Physical Review B mwaka 2023. Pima ncha zote mbili. Pima pia umeme unaovuka waya kutoka ncha hadi ncha, ili uone pengo la ndani likifungwa kisha likifunguka tena uga unapopanda, kama nadharia inavyotaka kwenye kizingiti. Vifaa vilivyofaulu viliripotiwa kuwa na pengo la kitopolojia la kati ya mikroelektronivolti 20 na 60, na uwezekano wa kifaa kilichofaulu kuwa si cha kitopolojia ulikadiriwa kuwa chini ya asilimia 8.

Nimeikodolea macho hiyo asilimia 8 kwa siku nyingi. Haikupimwa kwenye waya. Ilitoka kwenye nyaya za kompyuta, zilizotiwa uchafu kwa mfano fulani, zikapitishwa kwenye utaratibu ule ule, kisha zikahesabiwa zilizofaulu bila kustahili. Ni kazi ya uangalifu mkubwa na naiheshimu. Lakini maana yake ni kwamba namba hiyo ni kweli kwa kadiri uchafu wa kwenye kompyuta unavyofanana na uchafu wa kwenye kifaa. Mwaka huo huo Hess, Legg, Loss na Klinovaja walionyesha kwamba mfululizo wa hali za kawaida ndani ya waya unaweza kuiga hata kule kufunguka kwa pengo. Henry Legg akarudi mwaka 2025 na hoja kwamba matokeo ya utaratibu huo yanabadilika kulingana na mipaka ya data unayoichagua kuupa. Februari ya mwaka huo Nature ilichapisha makala nyingine ya Microsoft, ya kupima kama idadi ya elektroni ni shufwa au witiri, na wahariri wakaandika kwenye faili la mapitio kwamba matokeo yale hayawakilishi ushahidi wa kuwepo kwa Majorana katika vifaa hivyo.

Hapa msimamo wangu umebadilika. Nilikuwa nikiamini kwamba kuna kipimo kimoja kizuri vya kutosha, tukikipata mjadala utaisha. Sasa naona kila kipimo kinabeba ndani yake picha fulani ya uchafu, iwe imeandikwa au haikuandikwa, na mabishano mengi ya miaka hii ni mabishano juu ya picha hiyo.

Wengine wameamua kukwepa mlima. Leijnse na Flensberg walipendekeza mwaka 2012 mnyororo wa Kitaev wenye nukta mbili tu za kwanta, vijishimo vya kunasa elektroni chache, na mwaka 2023 kundi la Delft likautengeneza. Hauna ulinzi wa kitopolojia. Ukitikisa nukta moja ya kutosha, kila kitu kinahama. Lakini kila nukta ina kitasa chake. Kasoro ikiwepo, unakizungusha hadi iondoke. Ninawafuatilia kwa hamu, ingawa moyo wangu bado uko kwenye waya mrefu.

## Mbegu namba 43

Sasa naweka zote. Kila mbegu, iwe na kitu au isiwe nacho, inaingia kwenye folda moja kwa namba yake, ncha zote mbili, pamoja na potenshali iliyouzaa mchoro. Faili lililoitwa "nzuri" sasa linaitwa 17.

Katika kuzipitia nilikutana na 43. Uga uko chini ya kizingiti, na kuna kilele kushoto na kilele kulia. Vinaanza karibu pamoja na vinadumu karibu urefu sawa. Kama ningekuwa maabara, nikiwa na kifaa kimoja tu baada ya mwaka wa kazi, ningewapigia simu watu.

Juzi niliurefusha waya huo. Sikugusa mikromita 3 za kwanza. Niliiachia programu iendelee kutoa namba nasibu hadi mikromita 6. Kama vilele vile vingekuwa nusu mbili za kitu kimoja, cha kulia kingehamia kwenye ncha mpya na kunisubiri huko. Niliketi nikingoja mistari ichorwe mmoja mmoja. Ncha mpya ya kulia ilitoka tupu. Kushoto, kilele kilikuwa mahali pake, unene ule ule, urefu ule ule, bila hata kujua kwamba mwenzake ameondoka.